Sura ya Nne: Hati ya Ardhi Ndani ya Shela

Katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Dublin, Ireland, umetundikwa mchoro mkubwa kuliko ukuta wa vyumba vingi: upana wake ni mita 5 hivi na kimo chake mita 3. Ulichorwa na Daniel Maclise na kuonyeshwa mwaka 1854, na unahusu harusi iliyofungwa mwaka 1170 katika mji wa Waterford. Bwana harusi ni Richard de Clare, maarufu kwa jina la Strongbow, naiti wa Kinormani, yaani askari mpanda farasi wa ukoo mkubwa. Bibi harusi ni Aoife, binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Mji umetekwa sasa hivi. Maiti zimetapakaa mbele ya maharusi, mpiga kinubi mzee ameinama juu ya kinubi kilichokatika nyuzi, na mguu wa bwana harusi umekanyaga msalaba ulioangushwa. Aoife ameinamisha uso. Kutokana na uso kama huo riwaya nyingi za mapenzi zinazosimuliwa kana kwamba zimetokea Zama za Kati zimejenga mkasa mmoja usiochuja: mshindi anaingia ngomeni na upanga wenye damu, bibi mwenye ngome anamtemea maneno makali, wanakaa wakikwaruzana kwa kurasa mia mbili, kisha ukali unayeyuka na penzi linachukua nafasi yake. Hoja ya sura hii ni kwamba mkasa huo umepindua mambo juu chini. Mwenye shida alikuwa mshindi. Alimhitaji mwanamke yule kuliko mwanamke alivyomhitaji yeye, na ukaidi wa bibi haukuwa pazia la penzi lililojificha. Ulikuwa mali, wenye bei iliyoandikwa vitabuni, na mtu hawezi kusema lolote la maana kuhusu mapenzi ya watu wale kabla ya kuisoma bei hiyo.

Tuanze na Aoife mwenyewe, maana kisa chake si kama mchoro unavyotudokezea. Hakuwa mateka. Baba yake alikuwa upande wa mshindi. Tena ndiye aliyemwita. Mwaka 1166 Diarmait alifukuzwa katika ufalme wake na wapinzani wake wa Kiairish, akavuka bahari kumwomba msaada Henry II wa Uingereza, na kwa ruhusa ya mfalme huyo akaanza kutafuta wapiganaji. Strongbow, ambaye wakati huo alikuwa hapendwi na mfalme wake na mali zake zimepungua, hakukubali kutoka bure. Alitaka vitu viwili: mkono wa Aoife, na ahadi kwamba Diarmait akifa Leinster iwe yake. Alitua Ireland mwezi Agosti 1170, Waterford ikaanguka siku chache baadaye, na ndoa ikafungwa papo hapo. Mpangilio wa mambo hayo unatosha kutufundisha. Kama upanga ungetosha, Strongbow asingekuwa na haja ya harusi. Upanga huteka mji kwa siku moja, lakini haumfanyi mtu kuwa mrithi. Kwa sheria ya Wanormani, mume wa binti mrithi aliweza kushika nchi kwa haki ya mkewe, na watoto wao wakairithi. Kwa hiyo shela ya Aoife ilibeba hati ya ardhi.

Kasoro ilikuwa kwamba hati hiyo ilisomeka upande mmoja tu wa bahari. Kwa desturi ya Waairish, mfalme alichaguliwa miongoni mwa wanaume wa ukoo wa kifalme. Binti hakuweza kumpelekea mumewe ufalme kama mtu anavyompelekea mwenzake mbuzi wa mahari. Ndiyo maana Diarmait alipofariki mwaka 1171 vita vilizuka mara moja: ndugu zake walikuwa na wagombea wao, na ndoa ya Waterford haikuwa kitu machoni pao. Naye Henry II, kwa kuogopa raia wake asije akawa mfalme jirani, alivuka mwenyewe mwezi Oktoba mwaka huohuo, na Strongbow akalazimika kuisalimisha nchi na kuipokea tena kama kibaraka wa mfalme. Katika mvutano huo wote, kila mwanamume alitaja haki aliyoipata kupitia kwa Aoife au kuikana, na waandishi wa zama hizo wametuachia maneno, barua na mashauri ya wanaume hao. Alichokisema Aoife hakikuandikwa. Anayetaka kumwona amejaa penzi au amejaa chuki anajaza pengo kwa wino wake mwenyewe, na Maclise naye alifanya hivyo miaka 684 baadaye.

Ukaidi wenyewe tunaukuta Uingereza, na tunaukuta umeandikwa. Baada ya William wa Normandy kushinda vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, tabaka zima la mabwana wa Kiingereza lilifyekwa. Sensa kuu ya ardhi iliyofanywa mwaka 1086 inaonyesha kwamba mashamba makubwa karibu yote yalikuwa yameingia mikononi mwa wageni. Wajane na mabinti wa waliouawa walibaki na kitu kimoja ambacho wageni walikitaka, nacho ni uhusiano wa damu na ardhi ile. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini mlaji huyu alitaka pia kuonekana mwenyeji wa karamu. Wanawake wengi wakakimbilia nyumba za watawa. Tunalijua hili kwa sababu lilizaa tatizo la kisheria: hatari ilipopungua, wengine walitaka kutoka, na ikaulizwa kama vazi la mtawa lililovaliwa kwa hofu linamfunga mtu maisha yake yote. Lanfranc, askofu mkuu wa Canterbury na mshauri wa karibu wa William mwenyewe, aliamua kwamba waliokimbilia huko kwa kuwaogopa Wafaransa, wala si kwa kuipenda dini, wakilithibitisha hilo waachiwe waende zao. Huu ni ushahidi mzito, kwa kuwa unatoka katika kinywa cha upande wa washindi. Mtu mkubwa wa utawala mpya alikiri kwa maandishi kwamba wanawake wa nchi iliyotekwa waliona afadhali kuta za utawa kuliko mikono ya wapanda farasi.

Uamuzi huo ndio uliomfaa mwanamke aliye mfano bora wa bibi mkaidi, ingawa ukaidi wake haukuelekea upande ambao riwaya zingeutarajia. Edith, aliyekuja kuitwa Malkia Matilda, alikuwa binti wa mfalme Malcolm III wa Scotland, na kwa mama yake alikuwa wa damu ya wafalme wa kale wa Uingereza. Alilelewa katika nyumba za watawa chini ya ulezi wa shangazi wa upande wa mama, Christina. Mwaka 1100 Henry I, mwana mdogo wa William Mshindi, alitawazwa haraka siku 3 tu baada ya kaka yake kufa mawindoni, huku kaka mwingine mkubwa akiwa bado njiani kutoka vita vya msalaba. Kiti chake kilikuwa kinayumba, akataka kumwoa Edith. Watu wakapinga kwamba binti huyo ni mtawa. Edith akaenda mwenyewe kwa askofu mkuu Anselm kujitetea, na mtawa Eadmer, aliyekuwa karibu na Anselm, ameandika alichosema: kwamba shangazi yake alimvika kitambaa cheusi kichwani ili kumkinga na tamaa za Wanormani, na kila alipopata nafasi ya kuwa peke yake alikivua, akakitupa chini na kukikanyaga. Baraza la maaskofu lilisikiliza ushahidi, likaukumbuka uamuzi wa Lanfranc, likatamka kwamba yuko huru. Ndoa ikafungwa tarehe 11 Novemba 1100. William wa Malmesbury, mwanahistoria wa zama hizo, anasema Henry alikuwa amempenda tangu zamani, na hatuna sababu ya kumkatalia. Penzi na hesabu vyaweza kukaa nyumba moja. Lakini Kumbukumbu za Waingereza zinapoitaja ndoa hiyo zinataja pia kwamba bibi huyo alikuwa wa ukoo halali wa kifalme wa Uingereza, na Wanormani wenye kejeli waliwabandika mfalme na malkia majina ya Kiingereza ya kishamba, Godric na Godgifu. Kila mtu alijua kilichonunuliwa. Kilichomtofautisha Edith na wengine ni kwamba aliulizwa, akajibu mbele ya mashahidi, na jibu lake likawa na nguvu.

Wanawake wengi hawakuulizwa. Waliorodheshwa. Mwaka 1185 maofisa wa Henry II walizunguka wilaya 12 za Uingereza na kuandika daftari la wajane na watoto yatima ambao ndoa zao zilikuwa mkononi mwa mfalme. Limesalia mpaka leo, na msomaji wa riwaya za mapenzi angefaidika kulisoma japo mara moja. Kila mjane ametajwa kwa umri wake, idadi ya watoto wake, thamani ya ardhi yake kwa mwaka, na mifugo iliyopo au inayoweza kuongezwa ili shamba lilipe zaidi: ng'ombe wa kulimia, kondoo, nguruwe. Ni daftari la mhasibu. Mfalme aliweza kumuuza mjane kwa naiti aliyemtumikia vyema, na aliweza pia kumuuzia mjane mwenyewe kukataa kwake. Bei ya kukataa iliweza kuwa ya kutisha. Hawise, mrithi wa Aumale, alifiwa na mume wa kwanza mwaka 1189. Richard I akamchagulia William de Forz, mmoja wa makamanda wa meli zake za vita vya msalaba. Hawise akakataa, mali zake zikakamatwa, akasalimu amri. Mume huyo akafa, akapewa wa tatu. Naye alipofariki mwaka 1212, Hawise alimwahidi mfalme John maki 5,000, yaani zaidi ya pauni 3,300, ili apate ardhi zake na asilazimishwe kuolewa tena. Hiyo ilikuwa fedha ya kuendesha utawala, na mwanamke mmoja alikubali deni lake ili kitanda chake kiwe chake. Hakuna kauli ya ukaidi katika riwaya yoyote inayofikia uzito wa tarakimu hiyo.

Hapa msomaji anaweza kuinua pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: je, hatuwapimi watu wa kale kwa kibaba cha leo? Labda kwao ndoa ilikuwa mkataba wa koo, na wazo la hiari ya mtu binafsi ni letu tuliowazulia. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama zama zile zingekuwa kimya. Hazikuwa kimya. Gratian, aliyekusanya sheria za Kanisa katikati ya karne ya 12, alishikilia kwamba mwanamke asiozwe kwa mtu asiyemtaka. Papa Alexander III, aliyeongoza Kanisa kati ya 1159 na 1181, alithibitisha kwamba kinachofunga ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe wanayoitamka kwa vinywa vyao, na kwamba ridhaa iliyotolewa kwa hofu ya kweli ni batili. Tofauti iliyokuwapo haikuwa baina yao na sisi. Ilikuwa baina ya sheria yao na nguvu zao, baina ya kasisi aliyeuliza na ofisa wa mfalme aliyeshika ng'ombe wa mjane mpaka akubali. Kusema kwamba hawakujua maana ya kulazimishwa ni kumtukana Hawise, aliyeijua hadi senti ya mwisho.

Hata hadithi zao za kubuni zilikuwa na macho makali kuliko zetu. Chrétien de Troyes, mshairi wa Ufaransa wa miaka ya 1170, alitunga kisa cha Yvain, na humo mna mkasa wetu mzima: naiti anamuua bwana wa chemchemi, anajificha ndani ya ngome ya marehemu, anamtazama mjane Laudine akijirarua kwa majonzi, na anampenda papo hapo. Baada ya siku chache Laudine anamkubali muuaji wa mumewe. Ukimsimulia mtu kwa kifupi hivyo atasema ni penzi lililoshinda chuki. Lakini tazama jinsi mtunzi anavyolifikisha. Anayemgeuza Laudine ni mtumishi wake Lunete, na hoja anayoitumia haina chembe ya mapenzi: mfalme Arthur anakuja, chemchemi haina mlinzi, na aliyemshinda mumeo ndiye bora kuliko mumeo kwa kazi hiyo. Laudine anakubali kwa sababu nchi inahitaji mtetezi. Tena Yvain anapoaga kwenda kushindana na kusahau kurudi katika mwaka aliopewa, Laudine anamfukuza maishani mwake bila kupepesa, na inabidi mwanamume arukwe na akili na kuanza upya. Riwaya za baadaye zilipunguza ukweli huo kidogo kidogo. Walter Scott, katika Ivanhoe iliyotoka mwishoni mwa 1819, bado anamwonyesha De Bracy wa Kinormani akimteka Rowena kwa kutaka mali na cheo chake, na anasimama katikati ya hadithi kumkumbusha msomaji kisa cha Matilda na vazi la mtawa. Waliomfuata waliiweka kando ardhi, wakaiacha ngome kama pambo la nyuma ya jukwaa, na kwa kuwa ardhi haionekani tena, ukaidi wa bibi ukabaki bila sababu. Kitu kisicho na sababu ni rahisi kukifanya hila ya mapenzi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sitaki kulipita kwa kuruka. Ni kwamba baadhi ya ndoa hizo zilizaa mapenzi, na ushahidi upo. Aoife na Strongbow walipata binti, Isabel, aliyebaki kuwa mrithi wa Leinster na wa mali kubwa Uingereza na Wales. Mwaka 1189, akiwa na umri wa miaka 17 hivi na akiwa chini ya ulinzi katika Mnara wa London, alipewa William Marshal, naiti mashuhuri wa miaka 40 na zaidi, mwana mdogo ambaye hakurithi ardhi ya maana. Hakuna anayeweza kudai kwamba msichana huyo alichagua. Lakini mwaka 1207, William alipoitwa Uingereza na mfalme John aliyemshuku, ni Isabel mjamzito aliyebaki Kilkenny kuitetea Leinster, na aliitetea mpaka maadui wakashindwa. Shairi refu la maisha ya William, lililotungwa miaka michache baada ya kifo chake, linasimulia kwamba kabla ya kuondoka alimshika mkono mkewe mbele ya mabwana wa Ireland akawaambia kwamba huyu ndiye bibi yao kwa haki ya kuzaliwa, na kwamba yeye mwenyewe hana kitu pale ila kwa ajili yake. Shairi hilohilo linaeleza jinsi mwaka 1219, akiwa karibu kufa na kabla ya kuvaa joho la watawa wa vita, alimwita mkewe ambusu kwa mara ya mwisho, na wote wawili wakalia. Walikuwa na watoto 10 na miaka 30 ya ndoa. Ni kweli shairi liliagizwa na familia na lina sababu ya kusifu, lakini sioni haja ya kulikana. Hayo yalikuwa mapenzi.

Swali ni yalitoka wapi. Riwaya ingetuambia yalitoka katika ule mwali wa kwanza, mshindi alipomkazia macho mateka wake. Ushahidi unaonyesha kinyume chake. Yalikua kadiri Isabel alivyopata kuwa mshirika mwenye sauti katika mambo ya nchi yake, na yalisimama juu ya kukiri kwa William, hadharani, kwamba mali ni ya mkewe. Methali yetu inasema hiari yashinda utumwa. Naye William, kwa kuutaja ukweli wa haki ya mkewe mbele ya watu, alimpa Isabel katika ndoa hiari aliyonyimwa mlangoni. Kisa chao hakithibitishi kwamba kulazimisha huzaa penzi. Kinathibitisha kwamba watu wawili wenye busara waliweza kurekebisha kwa miaka 30 kilichoharibiwa kwa siku moja. Kumshukuru aliyeharibu kwa kazi ya waliorekebisha ni kosa la hesabu.

Lipo pingamizi la mwisho, la wanasiasa zaidi kuliko la wapenzi: kwamba ndoa hizi, kwa uchungu wake wote, zilichanganya damu na kuleta amani. Mwishoni mwa miaka ya 1170 Richard FitzNigel, ofisa wa hazina ya mfalme, aliandika kwamba Waingereza na Wanormani walikuwa wameoana kiasi kwamba ni vigumu kumtambua nani ni nani. Watetezi wa mkasa wa penzi huishia hapo. FitzNigel hakuishia hapo. Alisema ni miongoni mwa watu huru tu, akawatoa wakulima waliofungwa katika ardhi za mabwana. Naye Orderic Vitalis, aliyezaliwa mwaka 1075 kwa baba Mfaransa na mama Mwingereza, anawataja watu wa mijini walioishi pamoja na kuoana, mahali ambapo hapakuwa na ngome ya kurithi wala nchi ya kudai. Ikiwa kuna mahali mgeni na mwenyeji walipendana bila hesabu, pengine ni huko sokoni, kati ya watu ambao hakuna mtunzi aliyewatungia shairi. Ngomeni, amani ilinunuliwa, na aliyelipia hakuwa aliyeinunua.

Ushindi wa mabibi wakaidi ulikuja kwa njia ambayo waandishi wa mapenzi hawaipendi, yaani kwa kifungu cha sheria. Mwezi Juni 1215 mabwana walioasi walimlazimisha mfalme John kuukubali Mkataba Mkuu, Magna Carta, na kifungu chake cha 8 kinasema kwamba mjane asilazimishwe kuolewa maadamu anataka kuishi bila mume. Kilikuwa na mpaka wake, kwa kuwa alitakiwa atoe dhamana kwamba hataolewa bila ridhaa ya bwana wake, na hakikumsaidia binti yatima kama Isabel alivyokuwa mwaka 1189. Hata hivyo kiliandika kwamba neno hapana la mwanamke ni lake na halinunuliwi tena kwa mfalme. John alifariki mwaka uliofuata, mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka 9, na tarehe 12 Novemba 1216 mkataba ulitolewa upya mjini Bristol, kifungu cha wajane kikiwa ndani yake. Kwa kuwa mfalme mtoto hakuwa bado na muhuri, nta ilipigwa muhuri wa mlezi wa ufalme. Mlezi huyo alikuwa William Marshal, mume wa Isabel, mkwe wa Aoife.